Sura ya Saba: Zabarajadi Kutoka Angani

Mtu wa Kasulu au Kibondo akikuambia ana jiwe la kimondo, mara nyingi mkononi mwake kuna donge la moramu, bonge la mavi ya chuma, kipande cha lava ya kale, au kioo cha chupa kilichochongwa na fundi hodari. Sisemi hivyo kumdharau. Ardhi yenyewe ya nyanda za juu za Kigoma ni mhadaa. Udongo mwekundu wa Buha umejaa chuma, na mvua ikishaosha mgongo wa kilima yanabaki madonge meusi, mazito, yenye mng'ao wa mafuta. Katika ukanda huu wa Maziwa Makuu watu waliyeyusha chuma kwa karne nyingi, na mabaki ya tanuru za zamani bado huibuliwa na jembe shambani. Kuelekea bonde la Malagarasi kuna lava ambayo wanajiolojia huiita lava ya Gagwe, iliyomwagika takriban miaka milioni 800 iliyopita. Ni jiwe la giza lenye vitundu vilivyoachwa na mapovu ya gesi, na vitundu hivyo baadaye vikajazwa na madini mengine, kwatzi ikiwa mojawapo. Mtu asiyejua akiliona, vitundu vile ndivyo vinavyomthibitishia kwamba jiwe limeungua likishuka. Kumbe kimondo karibu hakina matundu kabisa. Jiwe lenye matundu ya mapovu ni la kushuku mara moja.

Halafu kuna radi. Kigoma ni nchi ya radi, na kila msimu wa mvua zinaleta misiba. Wapo wanaoamini kwamba radi ikipiga huacha jiwe, na kwamba anayelichimbua kabla halijazama ana dawa au ana utajiri. Mashoka ya mawe ya watu wa kale, yaliyosuguliwa yakalainika, yameitwa mawe ya radi katika sehemu nyingi za Afrika na kwingineko duniani. Radi yenyewe huweza kweli kutengeneza kioo: ikipiga mchanga mkavu huuyeyusha ukawa mrija mchafu, dhaifu, mtupu katikati. Lakini mrija huo ni mchanga wa palepale. Hakuna kilichoshuka.

Juu ya imani hizo wamejipanga wafanyabiashara, na baadhi yao ni walewale waliokuwa wakiuza rupia za Mjerumani na zebaki nyekundu. "Mzee, shika uone uzito wake," kijana atakuambia, "hili lilishuka na moto." Kuna njia ya kumjibu bila kumwita mwongo: "Sawa, mwanangu, niachie kidogo nilipime." Sura hii inahusu huko kupima.

Tuanze na kile ambacho kweli kipo. Kito halisi cha kimondo, kinachoweza kuchongwa na kuvikwa kidoleni, kwa kweli ni kimoja: zabarajadi, ambayo masonara wengi siku hizi huiita peridoti. Ni madini ya olivini yaliyo safi vya kutosha kupitisha mwanga, yenye kijani kilichoelekea manjano. Katika vimondo hupatikana ndani ya aina adimu iitwayo palasiti, ambamo fuwele za olivini zimekaa katikati ya chuma chenye nikeli. Palasiti ikikatwa vipande vyembamba na kushikwa mbele ya dirisha, chuma kinabaki cheusi na fuwele zinawaka kijani na dhahabu. Ukishaiona mara moja huwezi kuichanganya na kitu kingine.

Aina hiyo ilipata jina kutokana na Peter Simon Pallas, mtaalamu wa viumbe aliyesafiri Siberia kwa niaba ya serikali ya Urusi. Mwaka 1749 mhunzi mmoja na afisa wa migodi walikuwa wamelikuta karibu na Krasnoyarsk bonge la chuma la takriban kilo 700, likiwa na mawe ya kijani ndani yake. Wenyeji wa Kitatari walisema lilianguka kutoka mbinguni. Pallas alilifikia mwaka 1772, akaandika habari zake, na mwaka 1794 Ernst Chladni, Mjerumani, akalitumia katika kitabu chake kudai kwamba mabonge ya namna hii hutoka nje ya dunia. Wasomi wengi wa wakati wake walimcheka. Watatari hawakuwa wameulizwa.

Kwetu Afrika Mashariki palasiti ipo, na si mbali. Mwaka 2016 mabonge ya chuma yalianza kutambuliwa katika nyika ya Kaunti ya Isiolo, Kenya, upande wa Sericho na Habaswein, na kimondo hicho sasa kinaitwa Sericho. Wachunga ngamia walikuwa wakiyaona mabonge hayo miaka mingi na kushangaa uzito wake katika nchi isiyo na mawe ya namna ile. Yaliyokusanywa yamefika tani kadhaa, na vipande vyake vinauzwa leo Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mchuuzi wa Kibondo akisema ana zabarajadi ya kimondo iliyotoka Kenya, hasemi jambo lisilowezekana. Anasema jambo linalopimika.

Upimaji una hatua mbili, na watu wengi huruka ya kwanza. Kabla hujauliza habari za kito, uliza habari za jiwe kilimotoka.

Chukua donge jeusi la gramu 312, kubwa kidogo kuliko yai la bata, lililookotwa barabarani baada ya katapila kupita. Sumaku ya spika iliyoning'inizwa kwa uzi inalisogelea, lakini kivivu. Hilo halithibitishi chochote: moramu nyingi ina magnetaiti kiasi, na lava ya Gagwe nayo ina yake. Vimondo vingi hushika sumaku, lakini si vyote. Jiwe lililoanguka Peramiho, Ruvuma, mwaka 1899 ni la aina ambayo haina chuma tupu cha kutajika, na sumaku ingelipita bila habari. Basi sumaku ni kubisha hodi tu.

Sasa uzito kwa ujazo. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya jikoni, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha lizamishe donge likining'inia kwenye uzi bila kugusa kitako wala kingo. Mizani itapanda hadi, tuseme, gramu 95. Hizo ndizo gramu za maji yaliyosukumwa, yaani donge lina ujazo wa sentimita 95 za ujazo. Gawanya 312 kwa 95, unapata 3.28. Hapa wengi hushangilia, kwa kuwa vimondo vya kawaida vya mawe huangukia kati ya 3.2 na 3.7 hivi, na wamesoma hivyo kwenye simu. Lakini moramu yenye chuma kingi nayo inaweza kuangukia hapohapo. Kipimo kimoja kikikubaliana na matumaini yako, hapo ndipo pa kutafuta cha pili.

Cha pili ni kigae cha bafuni. Geuza kigae, sugua donge kwenye upande wa nyuma usiopakwa rangi. Likiacha mchirizi wa hudhurungi au wa manjano, ni chuma kilichoota kutu udongoni. Mchirizi wa damu ya mzee ni hematiti, na mweusi ni magnetaiti. Kimondo kisichoharibika hakiachi mchirizi wa maana, labda kijivu hafifu. Donge letu la gramu 312 linaacha hudhurungi iliyokolea, na habari yake imeishia hapo.

Lingepita, hatua ya mwisho ingekuwa dirisha: tupa na msasa kwenye kona moja ndogo tu, upana wa ukucha wa kidole kidogo, mpaka uso wa ndani utokeze. Kimondo cha mawe kitaonyesha chembe za chuma cheupe kilichotawanyika. Mavi ya chuma yataonyesha mapovu na kioo. Tafadhali, usilipasue jiwe zima kwa nyundo, na usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea akalikata kati. Nimeona mawe mazuri yakiharibiwa kwa haraka ya kutaka kujua.

Chuma kikishaonekana, swali ni nikeli. Chuma cha kimondo hakikosi nikeli, na ni nadra sana ishuke chini ya asilimia 4. Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi katika Mkoa wa sasa wa Songwe, kina asilimia 90.45 ya chuma na 8.69 ya nikeli. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa dunia mwaka 1930, ingawa wenyeji walikifahamu, na mwaka 1967 serikali ikakiweka chini ya ulinzi wa kumbukumbu za taifa. Hukadiriwa kuwa na tani 16. Mavi ya chuma na vyuma vya tanuru za kale kwa kawaida hayana nikeli ya kiasi hicho. Mashine ya kushika mkononi inayotumia mionzi ya X, ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu kupima usafi, inaonyesha nikeli kwa dakika moja. Siku hizi si lazima umjue profesa. Inatosha kumjua mnunuzi wa dhahabu mwenye roho nzuri.

Tuje kwenye kito chenyewe, maana mara nyingi hutaonyeshwa bonge. Utaonyeshwa kijiwe cha kijani kwenye karatasi iliyokunjwa, kimekwisha kuchongwa, na hadithi.

Shika lenzi ya kukuza mara 10. Kitazame kijiwe kupitia uso wake bapa wa juu, uangalie mistari ya nyuma pale nyuso zinapokutana. Olivini huugawa mwanga mara mbili, tena kwa nguvu: tofauti ya miale yake miwili ni 0.036 hivi. Kwa sababu hiyo kila mstari wa nyuma utauona umekuwa miwili, imelala sambamba. Zungusha kijiwe, kwa kuwa upo mwelekeo ambao mistari hujirudi ikawa mmoja, na mtu mwenye haraka akikitazama kwa upande huo tu atadanganyika. Kioo cha chupa hakigawi mwanga, ukizungushe upendavyo. Tena kioo kina mapovu, madogo na ya duara, na mara nyingine mikondo kama ya sukari inayoyeyuka ndani ya chai. Hapa peke yake umekwisha kuondoa sehemu kubwa ya bandia.

Wasio na lenzi nzuri wana ujanja mwingine. Chukua miwani ya jua ya polaroidi na skrini ya kompyuta mpakato, ya LCD, ikiwa imewashwa nyeupe. Zungusha miwani mbele ya skrini mpaka giza liingie. Weka kijiwe katikati, ukizungushe taratibu. Olivini itawaka na kuzima mara nne katika mzunguko mmoja. Kioo kitabaki giza, au kitaonyesha mawimbi hafifu yasiyo na mpangilio. Mafundi wana kifaa maalumu cha kazi hiyo, lakini kanuni ni ileile.

Refraktomita ndiyo inayofunga mjadala wa aina ya madini. Kifaa hiki husoma jinsi kito kinavyopinda nuru, na zabarajadi hutoa usomaji wa namba mbili, karibu na 1.654 na 1.690. Tumalini ya kijani, ambayo Tanzania inayo ya kutosha, hutoa takriban 1.62 na 1.64. Savoraiti, ile kijani ya Komolo na ya upande wa Taita, hutoa namba moja tu, 1.74, kwa kuwa haigawi mwanga. Zumaridi iko chini, karibu na 1.58. Kioo cha chupa ni namba moja, mara nyingi karibu na 1.52. Kwa uzito, zabarajadi ina takriban 3.34 kwa sentimita ya ujazo, kioo hicho kama 2.5; ila mizani ya jikoni haifai hapa, kwa sababu zabarajadi nyingi za kimondo hazifiki karati 1, yaani gramu 0.2. Zimepasukapasuka kwa mshindo na kwa kutu, na fundi anayezikata hutupa sehemu kubwa ili apate kipande kidogo kilicho safi.

Sasa tuseme vipimo vyote vimepita. Mistari imeonekana miwili, namba ni 1.654 na 1.690. Una zabarajadi. Je, ni ya kimondo?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, na hata wauzaji waaminifu. Vipimo vya nuru vinakuambia jiwe ni nini. Havikuambii limetoka wapi. Olivini ni madini ya kawaida sana duniani: tumbo la dunia, chini ya ukoko, limejaa olivini, na volkano hutapika vipande vyake. Kilima cha Lashaine karibu na Monduli kinajulikana na wanajiolojia wa dunia nzima kwa mawe yake ya kijani yaliyoletwa juu kutoka chini ya bara letu. Kisiwa cha Zabargad katika Bahari ya Shamu kilitoa vito hivi tangu zama za kale, na leo masoko hulishwa na Pakistani, China, na San Carlos huko Arizona. Ukiweka zabarajadi ya San Carlos na ya palasiti kwenye refraktomita moja, namba zitakaribiana mno kiasi kwamba hakuna mtu atakayeapa.

Lenzi inaweza kusaidia tena, lakini sasa unatazama uchafu wa ndani badala ya mistari. Zabarajadi ya duniani mara nyingi hubeba chembe nyeusi za kromaiti, kila moja ikiwa imezungukwa na mpasuko bapa wa duara, ambao mafundi huuita jani la yungiyungi. Zabarajadi ya palasiti hujulikana kwa vijimirija vyembamba, vilivyonyooka, vilivyopangana sambamba. Ukivikuta, moyo una haki ya kudunda. Usipovikuta hujapoteza kesi, maana kito kidogo kilichosafishwa sana kinaweza kisiwe na uchafu wowote.

Ushahidi wenye nguvu ni nikeli tena, safari hii ya ndani ya kito, na inakwenda kinyume na ile ya chuma. Zabarajadi kutoka tumbo la dunia huwa na nikeli inayopimika vizuri, oksaidi yake ikifika sehemu 3 au 4 katika 1,000. Ya palasiti ina kidogo mno. Sababu ni jirani iliyokua naye. Nikeli hupenda chuma kuliko inavyopenda jiwe. Ndani ya sayari ndogo ambamo palasiti iliumbika, olivini ilikaa ikigusana na chuma kilichoyeyuka, na chuma kikaivuta nikeli karibu yote. Kwenye dunia yetu chuma kilizama kiini zamani sana, na olivini ya juu ikabaki na mgao wake. Mwaka 2011 watafiti wa GIA, taasisi ya vito ya Marekani, walichapisha namna ya kutenganisha aina hizo mbili kwa kupima nikeli na elementi nyingine chache zilizo katika viwango vidogo. Kwa hiyo ripoti inayosema "peridoti, namba 1.654 hadi 1.690" na kuishia hapo haijasema neno kuhusu mbingu, hata ikipigwa mihuri mitatu.

Vito vingine vinavyouzwa kwa jina la kimondo vitatuchukua muda mfupi zaidi. Moldavaiti, kioo cha kijani cha Jamhuri ya Cheki, si kimondo: ni ardhi iliyoyeyushwa na kurushwa pale kimondo kikubwa kilipochimba shimo la Ries, Ujerumani, miaka milioni 14.8 hivi iliyopita. Namba yake ya nuru ni karibu 1.49, uzito wake 2.35, vyote chini ya kioo cha chupa, na hicho ndicho kinachomuumbua mwigaji. Kioo cha manjano cha jangwa la Libya, ambacho mafundi wa Misri walikichonga kuwa dudu la kifuani mwa Tutankhamun, ni silika karibu tupu na ni chepesi zaidi, 2.2. Na moisanaiti? Henri Moissan aliikuta mwaka 1893 katika kimondo cha Canyon Diablo, kwa chembe ambazo hazionekani bila hadubini. Moisanaiti yoyote inayoonekana kwa macho kwenye pete ilitoka kiwandani, mara nyingi baada ya 1998. Kalamu ya kupimia almasi kwa joto huidhania almasi, na huo ndio mlango wanaoingilia matapeli wanaotaja "almasi ya kimondo" kwa watu wenye jamaa kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Itazame kwa lenzi: mistari miwili. Almasi haina mistari miwili.

Je, palasiti inaweza kuokotwa Kasulu? Inaweza, kama popote. Lakini vimondo hudumu pakavu. Jangwa la Oman limetoa maelfu, na Sericho ilihifadhiwa na ukame wa nyika. Buha hunyesha zaidi ya milimita 900 kwa mwaka, udongo una asidi, na chuma kilichoanguka zamani huliwa na kutu kikageuka sehemu ya moramu ileile inayotudanganya. Matumaini makubwa zaidi ni ya kimondo kinachoanguka watu wakiona, kama kile cha Mbale, Uganda, Agosti 14, 1992, ambapo kijiwe cha gramu 3.6 kilipiga majani ya mgomba kikamdondokea mvulana kichwani bila kumjeruhi. Jiwe la namna hiyo huwa na ganda jeusi jembamba la kuungua, na ndani ni la kijivu hafifu. Halina kito.

Wala kukosa kito si kukosa thamani. Kimondo cha Ivuna, kilichoanguka Desemba 16, 1938 upande wa Ziwa Rukwa, kilikuwa na gramu 705 za kitu cheusi kinachofanana na udongo mkavu, kinachovunjika kwa vidole. Hakuna sonara angekigusa. Muundo wake, ukiondoa gesi, unakaribia ule wa jua lenyewe, na kundi zima la vimondo vya aina yake, CI, limebeba herufi ya I kwa ajili ya Ivuna. Sampuli za asteroidi Ryugu zilizoletwa na chombo cha Japani mwaka 2020 zililinganishwa na kundi hilo hilo.

Ukiwa na jiwe lililopita vipimo vyote vya mwanzo, rekodi mahali kwa GPS ya simu, lipige picha kabla ya kuliinua, lihifadhi pakavu bila kuliosha. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na kituo cha serikali cha kufundishia na kutambua vito kiko Arusha. Ili kimondo kipewe jina rasmi la kimataifa, sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe kama ni dogo, hubaki kwenye hifadhi ya taasisi inayotambulika. Biashara ya madini na vito nchini inataka leseni, na dalali asiye na leseni anakuuzia kesi pamoja na jiwe.

Kama jiwe ni palasiti, usizitoe fuwele. Vipande vingi vya Sericho huuzwa na olivini ikiwa bado ndani ya chuma chake, na kuna sababu ya kibiashara kwa hilo, kwani chuma ndicho cheti ambacho hakuna mtu anayeweza kukighushi kirahisi. Fundi anayezing'oa azichonge hubaki na vijiwe vidogo vya kijani ambavyo mnunuzi yeyote ana haki ya kuviita zabarajadi ya kawaida, mpaka maabara ipime nikeli. Anayesisitiza kuchonga, basi na aache angalau ubavu mmoja wa kito umeshikana na chuma.